Nyumba Niliyoiruka Wesha

Raya mwanangu,

Mama yako, ambaye amekula na kuvaa kwa salamu, leo anakuandikia barua isiyo na salamu. Najua ukipata barua yenye "mimi mzima, na hofu ni kwako wewe uliye mbali", unairuka mpaka mstari wa tano ndipo unapoanza kusoma. Basi nimekuondolea kazi hiyo. Mimi ni mzima, uliniona asubuhi.

Wewe na baba yako mmekwenda Chokocho kumuaga bibi yako na mtarudi magharibi. Nimekaa ukumbini, sanduku lako liko mbele yangu, limefungwa kwa ile kamba ya kijani uliyoichagua mwenyewe. Mambo ya sanduku, ya boti, ya nani atakupokea Unguja na utafikaje dakhalia, bweni la chuo, yote nimeyaandika kwenye karatasi nyingine na kuyatia namba kama unavyopenda. Humu hayamo. Humu nina jambo moja, na nimelibeba miezi mitatu.

Ningekwambia kwa mdomo, lakini wewe mwenyewe umeniambia mara nyingi: "Mama, andika. Ukisema, wasema mambo matatu kwa pamoja, na usoni kuna la nne." Basi hili hapa, na nalitanguliza ili usisome kwa wasiwasi. Mize wa Wesha, rafiki yako, hakuikataa shughuli ya dua yako. Hakualikwa. Nilimruka mimi, kwa makusudi, kisha nikakuacha uamini kwamba amekukata.

Ukitaka, simama hapa uende uani ukatembee mizunguko yako mpaka utulie. Barua haiondoki.

Umerudi? Sasa nikueleze, na nitaanza mbali kidogo, kwa sababu kosa lile lina mizizi.

Unaijua kazi yangu, lakini sijapata kukwambia inavyofanywa ndani kwa ndani. Mtu akiwa na shughuli, arusi au maulidi au dua, hunijia mimi. Hukaa, akanitajia nyumba anazozitaka, na mimi siandiki hata moja. Nazibeba kichwani kutoka Pujini mpaka Chake, na zikiwapo za Wesha, mpaka Wesha. Nafika mlangoni, napiga hodi, naingia, nakaa hata kama sina nafasi ya kukaa, nawaulizia wagonjwa kwa majina yao, ndipo nasema: "Bi fulani akusalimu sana, akualika Jumapili baada ya alasiri, ana shughuli ya mwanawe, na kasema usimwache pekee." Maneno ni hayo hayo kila nyumba. Asiyefikiwa nayo haendi, hata kama ukuta wake unagusana na wa wenye shughuli na harufu ya pilau inamwingilia dirishani. Atafunga mlango wake atanyamaza, na maneno yatakuja baadaye. Nimewaona ndugu wa tumbo moja waliosusiana mpaka mazishi kwa ajili ya nyumba moja iliyosahauliwa. Kwa hiyo mimi sisahau. Miaka ishirini na zaidi sijasahau nyumba ya mtu.

Ulipokuwa na miaka saba nilianza kukuchukua, nikidhani kazi hii mtoto huishika kwa kukaa karibu, kama kusuka ukili. Tukaingia kwa Bi Mgeni, pale njia panda. Nikasema maneno yangu vizuri, naye akashukuru, akasema kumbe bado tunamkumbuka. Wewe ukamjibu: "Mama kasema weye twakualika tu kwa kuwa usipoalikwa wasema sana." Nikakufinya. Ukanigeukia, ukaniuliza kwa sauti ya kuadhinia: "Mama, mbona wanifinya? Si ndivyo ulivyosema?"

Mpaka leo Bi Mgeni akiniona njiani hucheka kabla hajaitikia salamu, na mimi hucheka naye. Siku ile sikucheka. Nilikurudisha nyumbani nikakwambia kwamba mbele za watu, kama huna neno zuri, unyamaze. Nawe kila unaloambiwa hulifuata kama lilivyo. Ulinyamaza miaka tisa: shuleni, chuoni kwa Maalim wa Kurani, arusini, kwa mashangazi zako. Walimu wakisema Raya mpole, nami nikiitikia alhamdulillahi, nikijisifu kwamba mwanangu ameshika adabu. Ulikuwa huna mtu hata mmoja wa kusema naye, na mimi niliyekuwa nikiingia nyumba mia za watu sikuliona hilo ndani ya nyumba yangu.

Ulipofika miaka kumi na sita ndipo daktari mmoja wa Chake alipotutajia neno usonji. Baba yako akauliza dawa yake nini. Daktari akamwambia mtoto haumwi, ndivyo alivyo. Mimi nililia pale pale kwenye benchi, na nyinyi mkadhani nalia kwa kuogopa. Nilikuwa nazikumbuka zile mara nilizokufinya.

Yeye ndiye aliyetuelekeza kwenye kile chumba karibu na soko, ambako vijana wenye hali kama yako hukutana kila Jumamosi na mwalimu wa kike. Siku yako ya pili, mwalimu akaleta kwenye simu yake yale maswali ya aina za watu. Maswali sitini, mtu anajibu ndiyo au siyo au baina ya hizo, mwisho anapewa herufi nne, na herufi hizo ndizo aina yake katika aina kumi na sita za binadamu. Mimi nimekaa nyuma na wazazi wenzangu, nikajisemea makubwa haya, sasa watu nao wanatiwa madaraja kama karafuu. Wenzenu walijibu, wakacheka, wakenda zao kunywa juisi. Mlibaki wawili. Msichana mmoja mrefu, amekaa ubavu kwako, uso kaugeuzia ukutani, akakuuliza bila hujambo na bila jina:

"Weye herufi zako nini?"

Ukamtajia.

"Miye nakosana nawe moja tu," akasema. "Swali la kumi na moja umejibuje?"

Mkakaa saa mbili. Swali moja moja, kwa nini umesema ndiyo, kwa nini umesema siyo, mpaka mwalimu akazima feni mtoke. Nilikuwa sijapata kukusikia ukisema kama ulivyosema njiani siku ile, kutoka Chake mpaka Pujini, bila kupumzika. Nikakuuliza huyo msichana kakufurahishia nini. Ukaniambia: "Mama, kaniuliza kitu ninachokijua."

Nimelirudia neno lile mara nyingi. Mimi humuuliza mtu za asubuhi, watoto hawajambo, mvua kwenu imefika, na simngojei anijibu, kwa sababu jibu ni njema hata kama usiku wake ulikuwa wa machozi. Ndio mlango wetu, siudharau, umetulisha. Lakini wewe hukuweza kuingia kwa mlango ambao jibu lake limeshatolewa kabla ya swali. Mize alikuuliza yale ambayo jibu lake hakuwa nalo, kisha akalingoja.

Ndipo ukaanzisha daftari la herufi za watu. Ukatupima nyumba nzima. Baba yako alijibu kwa dakika kumi, akapata aina inayosemekana kupenda vyombo na ukimya, akatembea kifua mbele siku tatu kama aliyepewa usheha. Zamu yangu ikaja. Ukaniuliza, wageni wakija bila taarifa wafurahi? Nikasema sana. Baada ya shughuli kubwa wajisikia una nguvu? Nikasema nguvu tele, mwanangu. Ukaendelea mpaka la sitini, ukaizima simu, ukasema: "Mama, umejibu kama mtu aliye mlangoni kwa watu." Nilikukaripia, nikakwambia mimi nimezaliwa na watu, nimekua na watu. Nilighadhibika kwa sababu ulikuwa umepatia. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniona baada ya kila shughuli najifungia ghalani, nalala juu ya magunia na kanga usoni mpaka isha. Naijua Pemba nusu nzima kwa majina ya watoto wao, Raya, na sina mtu hata mmoja ninayeweza kukaa naye bila kumsemesha. Hili sijamwambia mtu. Juzi nimeyajibu maswali yako upya, peke yangu, kwa ukweli. Herufi nimeziandika ukurasa wa mwisho wa daftari. Tatu ni zako. Usinicheke.

Mize akaanza kuja kwetu. Akija na kikombe chake, maana hanywei kingine: kile cha bati, cha buluu, kilichobanduka rangi ukingoni. Baadaye akakiacha moja kwa moja, wewe ukakipigilia msumari wake jikoni. Mlikuwa mkikaa uani na jamvi moja la karafuu, mnachambua, karafuu huku, makonyo, vijiti vyake, kule, saa nzima, saa mbili, hakuna anayesema. Mimi roho inanipapa. Nikija na biskuti, nikija na hadithi, nikija na uzi wa kuazima, bora tu pasikike sauti. Siku moja sikuweza, nikauliza kama mmegombana. Mize akanijibu bila kuinua macho: "Hatujagombana. Kuzungumza ni kesho." Nikarudi jikoni nikacheka peke yangu, lakini sikuelewa. Nilidhani urafiki ni maneno, kwa kuwa maneno ndiyo mtaji wangu.

Na nikukumbushe lile la herufi kubadilika, kwa sababu nitalihitaji mbele. Ulijipima mara ya tatu, baada ya sikukuu, nyumba ilipokuwa imejaa wageni siku nne, ukapata aina nyingine. Ulilia siku mbili, ukisema sasa hujui wewe ni nani. Mize akaja, akatungua kikombe chake, akakaa. Kisha akasema: "Herufi zimebadilika. Raya ni yule yule. Basi zilizokosea ni herufi." Akavuta jamvi akaanza kuchambua. Wewe ukafuta machozi ukachambua naye. Miaka yangu yote ya kuliwaza waliofiwa sijapata kumtuliza mtu kwa maneno machache hivyo.

Unaona basi kwamba nilijua nilichokuwa nacho nyumbani mwangu. Nataka ulijue hilo, nisije nikajificha nyuma ya kutojua.

Lakini mimi ni mtu wa watu, na watu walikuwa wakisema. Mize akifurahi hupiga mikono hewani. Akichoka husema, "Nimechoka na watu, nakwenda," akaondoka bila kwaheri. Siku nilipowapikia wageni kutoka Chake, akatia tonge la kwanza, akasema mbele yao wote: "Bi Bikombo, wali wako leo una mawe." Na kweli ulikuwa na mawe. Jirani akaniuliza pembeni, kwa ile sauti ya huruma ambayo ni kisu, "Na yule naye ni kama huyu wako?" Nikaona haya. Nasema wazi: niliona haya, na nikaanza kuhesabu siku ambazo Mize asingekuja.

Yakatoka matokeo yako ya kidato cha sita, ukapata chuo Unguja, na mimi nikasema lazima tusome dua. Miaka yote napita kualika kwa ajili ya wengine. Hii ilikuwa shughuli yangu mwenyewe, kwangu, ya mwanangu. Wewe hukuitaka. Uliniambia unataka watu watano. Nikaalika nyumba tisini. Nikijidanganya kuwa nakufurahisha, kumbe niliitaka siku ile kwa ajili yangu, ili wote walionitazama kwa huruma waje wakutazame umekaa umetulia, umejifunga mtandio mweupe, umefaulu.

Wesha nilikwenda Alhamisi asubuhi. Nyumba ya Bi Kazija, bibi yake Mize, iko katikati ya nyumba mbili. Nikaingia ya kulia, nikakaa, nikaalika. Nikatoka, nikaupita mlango wa Bi Kazija uko wazi, ndani nasikia vyombo vinaoshwa, nikaingia ya kushoto, nikakaa, nikaalika. Kwetu huko si kusahau. Ungeruka mtaa mzima, watu wangesema masikini, miguu imechoka. Ukialika kulia na kushoto ukaacha ya katikati, umesema neno, na kila aliyesuka ukindu barazani siku ile amelisikia. Mimi niliyejisifu kwamba sikosi nyumba, nilipokuja kukosa nilikosa kwa ufundi.

Niliogopa kwamba angesema lolote juu ya chakula mbele ya mke wa sheha. Niliogopa mikono yake. Na chini kabisa ya hayo niliogopa kwamba mkiwa wawili mmekaa pamoja, watu wangekuona wewe. Peke yako ulikuwa umeshajifunza kujificha, nilikufundisha mimi. Ukiwa na Mize hujifichi. Basi nikamtoa Mize.

Siku ya dua ulitandika mkeka ghalani, mbali na kelele. Ukaweka sahani yake, mchuzi kwenye bakuli mbali ili usiguse wali, na kikombe ukakiosha mara mbili. Nilikuona, nikapita nimebeba sinia kama sikuoni. Watu wakaja, wakasoma, wakala, wakakusifu kwamba umetulia. Ukawa unakwenda ghalani na kurudi. Baada ya wote kuondoka ukaniuliza, "Mama, Wesha ulikwenda?" Nikakwambia: "Nilikwenda. Hata majirani zake wamekuja, hukuwaona?" Hakuna neno la uongo humo, na lote ni uongo. Mtu mwingine angeniuliza mara ya pili. Wewe unaamini maneno, na mimi nililijua hilo nikalitumia.

Kisha ukaleta daftari. Ukanisomea yaliyoandikwa chini ya herufi za Mize, kwamba watu wa aina yake wakichoka na mtu humkata ghafla, bila kueleza, na hawarudi nyuma. Ukaniuliza, "Ndiyo hivi?" Nami, niliyeyacheka maswali yale miaka yote, siku ile nikayafanya shahidi wangu. Nikasema: "Si ndivyo daftari lako linavyosema?"

Ukachukua rula, ukapiga mstari chini ya jina lake, kama afungaye hesabu. Mstari ulionyooka kabisa. Ningekupiga kibao, mwanangu, nisingekuumiza vile.

Tangu siku ile hujampima mtu. Karafuu umeniambia vidole vinakuuma. Baba yako alikutazama wiki moja akasema, "Mtoto huyu kama aliyefiwa, na matanga hatujakaa." Kila asubuhi nikisema leo nitamwambia, na kila asubuhi kikapatikana cha kuliahirisha: leo ana homa, leo ana safari ya kitambulisho, leo kachangamka kidogo nisimvuruge. Naweza kuingia kwenye nyumba ya mtu aliyenitukana nikakaa nikanywa chai yake, lakini mlango wako nilishindwa kuubisha.

Jana ulipokuwa ukifunga sanduku ulitoka jikoni na kikombe cha buluu mkononi. Ukaniambia: "Mama, hiki kirudishe Wesha. Si changu." Hukulia, hukukunja uso. Ulikiweka mezani, sikio limeelekea kwangu, ukaenda kukunja nguo.

Leo mlipoondoka tu nikajitia buibui nikaenda Wesha. Nilipiga hodi pale katikati. Bi Kazija akatoka, akanitazama, akasema, "Karibu, Bikombo. Leo mlango umeuona?" Kisha akanipa kiti kizuri, akanipa chai na mkate wa kumimina, akaniulizia wagonjwa wangu wote kwa majina. Ilinikata, na ilinistahiki. Nikanywa mpaka tone la mwisho.

Mize akaja akasimama mlangoni, anatazama kikombe.

Nikaanza kama ninavyojua kuanza, kwamba dunia ina mambo, kwamba mtu hupitiwa, kwamba shetani naye... Akanikata: "Hilo si jibu. Sikualikwa. Kwa nini?"

"Nilikuonea haya," nikasema. Sijapata kumwambia mtu neno kama lile usoni.

Akauliza, "Kwa ajili ya wali?"

"Kwa ajili ya wali, na mikono, na watu."

"Mawe yalikuwamo."

"Yalikuwamo, mwanangu. Nisamehe."

"Sijui bado," akasema. "Nikijua ntakwambia." Na hakuna aliyenijibu kwa heshima zaidi ya hiyo, Raya, maana wote wengine wangesema yamekwisha na yasingekwisha. Kisha akauliza: "Raya ajua?"

Nikamwambia hujui. Nikamwambia na lile la daftari. Hapo ndipo alipoanza kwenda na kurudi ukumbini, mikono inampiga mapajani, bibi yake akanifanyia ishara nisimguse, nami sikumgusa. Alizunguka mpaka chai ya pili ikapoa. Akasimama.

"Yeye akidhani nimemwacha. Na miye nikidhani kaniacha yeye. Miezi mitatu." Akanigeukia. "Mbona hakuniuliza?"

Nikasema, "Na weye mbona hukumuuliza?"

"Asiyealikwa haendi. Si ndiyo kazi yako hiyo?"

Nyinyi wawili mlizifuata kanuni zetu kwa uaminifu kuliko sisi tuliozitunga, na mimi mwenye kanuni ndiye niliyezichezea.

Nikajaribu kuokoa. Nikamwambia, basi, Mize mwanangu, nakualika sasa, njoo kesho alfajiri tumsindikize mwenzio. Akatikisa kichwa. "Weye usialike tena. Kamwambie yote kwanza. Halafu akitaka, anialike mwenyewe." Katika miaka yangu yote nimewahi kuambiwa mgonjwa, nimewahi kuambiwa tuna msiba, lakini sijawahi kuambiwa kwamba si mimi wa kualika. Nikamsogezea kikombe. Hakukipokea. "Kirudishe," akasema. "Mahali pake kule."

Ndiyo yote. Sijaficha kitu, na kama nimesahau, uliza.

Nikasirikie. Usinisamehe kwa adabu. Adabu hiyo nilikupa mimi, na nataka uiache hapa hapa Pujini, sanduku lako lisiibebe. Kule dakhalia utalala na wasichana watatu usiowajua. Sitakwambia uwasalimie vipi. Ukichoka nao, sema umechoka, uende. Daftari lichukue, na atakayekuuliza kitu unachokijua, mjibu mpaka feni izimwe. Ila mtu akikunyamazia, usimtafute daftarini. Mwenzio alikwisha kusema zamani, pale uani, kwamba herufi hukosea. Nenda kwake ukamuulize, na kama mtu mwingine anakujibia, hata awe mama yako, bado nenda kamuulize mwenyewe.

Dereva nilimwambia aje kesho alfajiri, saa kumi na mbili. Nimempigia tena, nimemwambia aje saa kumi na moja. Kutoka hapa mpaka botini Mkoani muda ule wa kwanza ulitosha, kwa hiyo kuna saa nzima isiyo na kazi. Ukitaka, tutapita Wesha, na mimi nitabaki garini. Ukimtaka aje hapa, mlango uko wazi. Usipotaka lolote, tutakaa tunywe chai, na ukipenda hatutazungumza.

Nawasikia mnafungua lango. Barua naiweka juu ya daftari lako. Ukipita jikoni utaona kikombe kiko kwenye msumari wake. Namba ya Mize haijabadilika, nilimuuliza.

Mama yako,
Bikombo